Tiba shufaa na mgonjwa asiye na makazi

TIBA shufaa ni huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa ambaye maradhi yake, kama saratani iliyokwisha kuenea, hayatarajiwi kupona. Dawa yake kuu ni mofini ya maji, ambayo hunywewa na haina gharama kubwa. Nchini, Taasisi ya Saratani Ocean Road na Hospitali ya Selian, Arusha, ni miongoni mwa zilizotangulia kuitoa.

Huduma hiyo hutegemea sana nyumba. Muuguzi humfuata mgonjwa kitandani kwake, na ndugu humnywesha mofini kila baada ya saa 4.

Hapo ndipo penye ugumu mahali kama Kibaigwa, wilayani Kongwa, ambako soko la mahindi kando ya barabara kuu ya Morogoro hadi Dodoma huvuta wabeba mizigo kutoka mbali. Mbeba mizigo anayelala barazani hana mlango wa muuguzi kubisha, wala mtu wa kumtunzia dawa ambayo sheria inaidhibiti vikali. Hata msamaha wa gharama za matibabu kwa wasiojiweza umekuwa ukihitaji uthibitisho wa uongozi wa kijiji au mtaa. Uongozi upi, kwa mtu asiye mkazi wa popote?

Uganda iliwaruhusu wauguzi wenye mafunzo maalumu kuandika mofini mwaka 2004, na dawa ikasogea karibu na wagonjwa. Kwa mgonjwa wa barazani, hata hivyo, kwanza hutakiwa kitanda, walau cha kituo cha afya.