Boriti, Kipimo cha Nyumba
Wazee wa Lamu, walipoazimia kujenga nyumba ya mawe, hawakuwa na haja ya kushauriana juu ya upana wa chumba, kwani jawabu lilikwisha kutolewa na mkoko: boriti yake, ikizidi urefu wa kiasi cha mita 3, haikustahimili dari nzito ya mawe na chokaa, na kwa sababu hiyo vyumba vikawa vyembamba na virefu. Fundi alizilaza boriti ukuta hadi ukuta, akapanga vipande vya matumbawe juu yake, kisha akamwaga chokaa ikashindiliwa. Kipimo hicho kimoja kilimsahilishia fundi kazi. Na majahazi yaliyopakia boriti kwenda Kuwait na Bahrain yalichukua pia, pasi na nahodha kukusudia, upana wa vyumba vya huko.