Liemba na Kitenzi "Kutengeneza"
Mfasiri akiandika kwamba Liemba "ilitengenezwa Kigoma", msomaji aelewe nini? Meli hiyo, kwa jina la kwanza Graf von Götzen, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa ziwani mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha kwa makusudi karibu na mlango wa mto Malagarasi, lakini kwanza walizipaka injini grisi nzito. Ndiyo maana Waingereza walipoiopoa mwaka 1924 injini zilikuwa bado zafaa; meli ikakarabatiwa, ikarudi kazini mwaka 1927. "Kutengeneza" kwafunika kazi zote hizi, na hilo, kwa maoni yetu, ni kosa katika hati za serikali. Katika miaka ya 1970 injini za mvuke zilibadilishwa, zikatiwa za dizeli. Neno "stima", basi, twaliwekea habari za kabla ya hapo. Baadaye twaandika "meli".