Ushauri Nasaha Ulivyoingia Chumbani

Wanaopendekeza mshauri na mteja wake wazungumze huku wakitembea kwenye nyasi za uwanda wa Kitulo, mkoani Njombe, huambiwa wameiga mtindo wa ng'ambo. Hutajwa watu kama Thaddeus Kostrubala, daktari wa akili wa California aliyekuwa akikimbia pamoja na wagonjwa wake miaka ya 1970. Historia ya Tanzania inapinga madai hayo. Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari wa Kijerumani walianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1904, na kazi za shambani zikawa sehemu ya tiba. Baada ya Uhuru vikaanzishwa vijiji ambako wagonjwa waliishi wakilima, ndugu zao wakiwa karibu. Kweli, jembe si mazungumzo, na jasho la mgonjwa liliifaa pia taasisi iliyomlisha. Ninachodai ni kidogo tu: kumtoa nje mtu aliyeelemewa na mawazo ni jambo la siku nyingi hapa kwetu, na chumba cha ushauri ndicho kilichokuja baadaye.

Katika mkoa wa Njombe chumba hicho kilienea pamoja na UKIMWI. Mtu alinasihiwa kabla ya kupima na baada ya kupima, mlango umefungwa, na kampeni ya kitaifa ya upimaji iliyozinduliwa na Rais Kikwete Julai 2007 iliuzoesha umma utaratibu huo. Sababu ilikuwepo. Utafiti wa 2016–17 ulikuta asilimia 11.4 ya watu wazima wa Njombe wakiishi na virusi, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote nchini, na unyanyapaa ulikuwa mkali. Lakini mazoea yakabaki hata pale sababu ilipokuwa nyingine. Mjane aliyeshindwa kulala, au kijana aliyefilisika kwa biashara Makambako, huelekezwa kwenye mlango uleule ambao kila aliyeketi kwenye benchi anadhani anajua maana yake. Kwa hiyo anayesema nje hakuna siri namwomba aufikirie uwanda ule wa Kitulo ulio mita zipatazo 2,600 juu ya bahari, nyasi tupu na miti ya kuhesabika. Wawili wanaotembea pale huonekana kwa mbali, ila maneno yao hayamfikii mtu.

Pingamizi zito zaidi ni la ardhi, kwamba uwanda huo unalindwa. Sehemu ya uwanda huo ilifanywa shamba la serikali la ng'ombe wa maziwa, na mwaka 2005 eneo la kilomita za mraba zipatazo 413 likawa Hifadhi ya Taifa. Ulinzi ulihitajika, maana viazi vya okidi vilikuwa vikichimbwa kwa wingi na kusafirishwa Zambia kupikwa chakula kiitwacho chikanda. Hata hivyo kinachoangamiza ua ni kuling'oa, na Kitulo ni hifadhi inayotembelewa kwa miguu. Sikatai kwamba maua huchanua zaidi Desemba hadi Aprili, wakati njia zina utelezi, wala kwamba baridi ya Juni na Julai haivumiliki kwa aliyedhoofu. Mwenye maradhi makali ya akili naye anahitaji daktari na dawa kwanza. Lakini kwa waliobaki, ambao ni wengi, kizuizi ni kiingilio cha getini, na hicho shirika la hifadhi za taifa, TANAPA, na hospitali ya wilaya ya Makete wanaweza kukiondoa kwa kibali cha mshauri na mteja wake kuingia bila kulipa.