Grafiti katika feleji

Kugeuka kwa kaboni kuwa grafiti ni badiliko la polepole ndani ya feleji (chuma cha pua) inayokaa kwenye joto kali kwa miaka mingi. Katika feleji ya kawaida sehemu kubwa ya kaboni imeungana na chuma kuwa simentiti (Fe3C), kampaundi ngumu inayoipa feleji nguvu. Simentiti si imara kabisa. Kuanzia takriban 425 °C huweza kuvunjika kuwa chuma laini na chembe za grafiti zisizo na nguvu.

Hatari hiyo ilijulikana Januari 1943, bomba la mvuke lilipopasuka katika kituo cha umeme cha Springdale, Pennsylvania (Marekani). Lilikuwa limetumika takriban miaka mitano na nusu kwenye joto la karibu 505 °C. Mpasuko ulifuata grafiti iliyojipanga kando ya kiungo kilichochomelewa. Chembe zilizotawanyika hudhuru kidogo tu. Zikijipanga mfululizo, bomba hupasuka ghafla.

Athari za elementi

Silikoni na nikeli huharakisha grafiti. Ndiyo sababu chuma cha kutupwa cha kijivu, kama kile cha bloku za injini za mashine za kusaga nafaka, hutiwa silikoni ya asilimia 1 hadi 3: huko grafiti inatakiwa.

Alumini ilikuwa mkosaji mkubwa wa Springdale. Huongezwa kwenye feleji iliyoyeyuka ili kuondoa oksijeni, lakini pia huifunga nitrojeni, ambayo ikiwa huru huchelewesha grafiti.

Manganisi, vanadi na hasa kromi huimarisha kabidi. Molibdeni nayo husaidia, ila bomba la Springdale lilikuwa na nusu asilimia yake na halikuokoka. Kromi ya asilimia 0.5 au zaidi hutosha kwa kawaida, na tangu hapo mabomba ya mvuke wa joto kali hutengenezwa kwa feleji yenye kromi na molibdeni pamoja.

Afrika Mashariki

Mvuke wa jotoardhi wa Olkaria, Kenya, haufikii 425 °C, hivyo mabomba yake hayana tatizo hili. Nchini Tanzania, mbale ya chuma ya Liganga, wilaya ya Ludewa, ina vanadi na titani ndani yake.