Kuchora kwa mashine ya kukata stika

Ni kutumia kalamu au maka pen badala ya kisu katika mashine inayokata stika na karatasi kwa kufuata mchoro wa kompyuta. Kalamu ndiyo iliyotangulia: mashine ya CalComp 565 ya Marekani, iliyotoka 1959, ilichora tu. Dar es Salaam imezoea zaidi kisu, kwa maandishi ya vioo vya daladala. Kazi inayoifaa kalamu hasa ni kadi ya mchango wa harusi, yenye vile vitone baada ya “Prof/Dkt/Mh/Bw/Bi”, ambavyo kamati za Mbagala au Mwananyamala mara nyingi hujaza kwa mkono, kadi baada ya kadi.

Kalamu hubanwa ncha ikiwa juu kidogo ya karatasi. Ikigusa mapema, huburuza wino pasipotakiwa. Kadi huchorwa kwanza, ndipo ikatwe, karatasi ikiwa bado imenata kwenye ubao wa kunata wa mashine. Umeme ukikatika katikati, kadi hiyo ni ya kutupa. Fonti za kawaida huwashangaza wengi: mashine hufuata kingo za herufi, hivyo “Mwanahamisi” hutoka tupu ndani, kama mifereji. Dawa yake ni fonti za mstari mmoja. Bolpeni hutaka kukandamizwa, la sivyo hukwaruza tu.