Tarehe ya Vidole Kumi

Zamani katibu wa mwambao wetu, aliyeandika kwa hati za Kiarabu, alichonga kalamu yake ya mwanzi, akaichovya katika wino, na macho yake yakaifuata ncha ya kalamu hiyo mpaka mwisho wa mstari, kwa kuwa mkono na jicho vilikuwa washirika wasioachana. Mashine ya kupiga chapa ilipozuka huko Marekani, watu wa kwanza kuitumia hawakuwa na sababu ya kudhani kwamba ushirika huo ungevunjika. Wakaviinamia vibonye vyake, wakivitafuta kimoja kimoja kwa vidole viwili au vinne, kama mtu achaguaye mchele. Ilipita miaka zaidi ya kumi hata ikathibitika hadharani kuwa ustadi wa kazi ile haumo katika kuvikimbiza vidole, bali katika kuyaondoa macho kwenye vibonye kabisa.

Mashine yenyewe ilitoka katika mji wa Milwaukee, ambako Christopher Latham Sholes, mtu wa magazeti na uchapaji, alipata hataza yake mwaka 1868 pamoja na wenziwe wawili. Mwaka 1873 kazi ya kuiunda ilichukuliwa na Remington, kiwanda cha bunduki na cherehani huko Ilion, katika jimbo la New York, na mwaka uliofuata ikatiwa sokoni. Iliandika herufi kubwa tupu. Herufi ndogo zilikuja mwaka 1878. Husimuliwa sana kuwa Sholes aliupanga ule mpangilio wa herufi tulio nao hata leo ili azitenge herufi zifuatanazo mara kwa mara, nyundo zao zisigongane. Lakini E na R, ambazo katika Kiingereza hazikomi kufuatana, zimekaa ubavu kwa ubavu, kwa hiyo mimi siitii hadithi hiyo imani kubwa. Lililo muhimu zaidi ni hili: katika mashine zile za awali nyundo zilipiga karatasi kutoka chini, na mwandishi hakuweza kuyaona aliyoyaandika mpaka ainue sehemu ya juu ya mashine na kuchungulia. Aliyekosea hakujua kuwa amekosea. Tangu siku ya kwanza, basi, usahihi ulitakiwa ukae vidoleni.

Wa mwanzo kulifundisha jambo hilo kwa utaratibu alikuwa mwanamke, Bibi L. V. Longley wa Cincinnati, aliyetoa mwaka 1882 kitabu kidogo cha masomo ya mashine ya Remington, akahimiza kila kidole kipewe vibonye vyake na kisiingilie vya jirani. Hakupokewa kwa taadhima. Hata mwaka 1887 jarida moja la watu wa hatimkato lilisema kuwa kidole cha pete hakifai kusumbuliwa, isipokuwa mwenyewe awe amekizoeza kwanza katika kupiga piano. Ukiyasoma maneno hayo leo utaona jinsi watu wa fani yenyewe wanavyoweza kuwa wa mwisho kuamini yanayowezekana ndani ya fani yao.

Mwaka uliofuata shaka hiyo ilipata jibu. Frank McGurrin, mwandishi wa hatimkato katika mahakama ya Salt Lake City, ambaye alijifunza peke yake kuvihifadhi vibonye vyote moyoni kama mtoto wa chuoni ahifadhivyo sura, alikutana mjini Cincinnati, tarehe 25 Julai 1888, na Louis Traub, mwalimu wa kupiga chapa, aliyetumia vidole vinne juu ya mashine ya Caligraph, ambayo vibonye vyake vya herufi kubwa vilikuwa mbali na vya herufi ndogo. Dau lilikuwa dola 500. Walishindana dakika 45 kwa kuandika maneno wasomewayo, na dakika 45 nyingine kwa kunakili maandishi wasiyopata kuyaona. McGurrin akashinda kote kuwili. Na hasa ni katika kunakili ambamo siri yake ilidhihirika, kwani yule aangaliaye vibonye hana budi kuyaacha maandishi, kisha kuyarudia na kutafuta mstari alioachia, na kila mrudio ni hasara. Ilhali macho ya McGurrin yalitulia juu ya karatasi, yakasoma mfululizo, na vidole vikafuata nyuma yao.

Magazeti yaliitangaza khabari hiyo, na mashindano yakawa desturi. Katika mashindano makubwa ya baadaye kila kosa lilimpunguzia mshindani maneno 10. Maana yake, mwenye kupiga maneno 60 kwa dakika akikosea mara tatu tu katika dakika hiyo amejinyang'anya nusu ya kazi yake ya dakika hiyo. Ni chini ya hukumu hiyo ndipo Albert Tangora, mwaka 1923 mjini New York, alipofikia maneno 147 kwa dakika kwa muda wa saa nzima. Wepesi wake ulikuwa ni usahihi usiokatika.

Waliosoma uhazili kwetu, Tabora na kwingineko, hawakuhitaji waamuzi wa mashindano ili waelewe hukumu hiyo. Barua ya nakala nne ilikuwa na karatasi nne na kaboni tatu katikati. Ikiwa herufi moja imekosewa, mpiga chapa alisimamisha kazi, akatia kipande cha karatasi ngumu juu ya kila kaboni ili isichafue, akafuta nakala ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, akipuliza vumbi la kifutio lisiingie ndani ya mashine, kisha akairudisha herufi mahali pale pale. Kosa la nukta moja lilikula dakika mbili. Katika stensili ilikuwa ni kupaka dawa na kungoja ikauke. Ndiyo sababu mwalimu aliifunika mikono ya wanafunzi kwa kitambaa, akawataka wapige polepole kwa mwendo ulio sawa, kila pigo na mwenzake, na asiruhusu mtu kuongeza kasi kabla ya ukurasa mzima kutoka safi.

Lakini mpangilio ule ulibuniwa kwa Kiingereza, na sisi tuliupokea kama ulivyo. Lugha yetu haina haja ya Q wala X, na herufi yake inayotumika kuliko zote, A, imeangukia kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kilicho dhaifu. Piga neno *wanawasaidia*: katika herufi 12, mkono wa kushoto unabeba 9, na kile kidole kidogo peke yake kinabeba 5. August Dvorak wa Seattle, aliyepata hataza ya mpangilio mwingine mwaka 1936, aliziweka irabu zote tano katika safu moja chini ya vidole vya kushoto, na konsonanti nyingi za kawaida upande wa kulia. Bila kutufikiria alitengeneza kitu kilichokaribia sana tabia ya Kiswahili, ambacho silabi zake hupokezana konsonanti na irabu. Mazoea yalimshinda, kwani walimu, vitabu na mashine zilizokwisha nunuliwa zilikuwa nyingi mno.

Maadamu tumebaki na urithi wa Sholes, ni aula mazoezi yetu yatokane na maneno yetu, wala si na sentensi za Kiingereza zilizotungwa ili kuzizungukia herufi tusizozitumia. Anayeanza na aviweke vidole vyake viwili vya shahada juu ya F na J, penye vile vialama vidogo vinavyohisika kwa ncha ya kidole, ayainue macho, na apige yale tu yanayopatikana bila kuihama safu ya kati: *saa*, *dada*, *kaka*, *ghala*, *shaka*, *hadaa*, na lile neno ambalo kidole chenyewe kimepewa jina lake, *shahada*, ambalo herufi zake zote saba zimo katika safu hiyo.