Akiba Iliyoisha Kabla ya Dharura
Akiba haiozi, walisema wahenga. Historia yetu imenifundisha kwamba huisha. Baridi kali iliunguza mibuni ya Brazili mwaka 1975, bei ya kahawa ikapanda duniani, na kufikia 1977 Tanzania ilikuwa na akiba nzuri ya fedha za kigeni. Mwaka 1978 serikali ikalegeza udhibiti wa bidhaa kutoka nje. Akiba ikapungua haraka. Oktoba mwaka huohuo majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera. Vita havikungoja msimu mwingine wa kahawa. Mwaka 1979 tukawa mezani na Shirika la Fedha la Kimataifa, tukibishana juu ya masharti. Nawauliza wanafunzi wangu, nanyi watumishi wa umma: fungu la dharura likitumika siku za kawaida, siku ya dharura tutaishi kwa masharti ya nani?